Mume wangu amehamia sebuleni, na nadhani najua kwa nini

Mama, shikamoo.

Nina miaka 44, naishi Tanga. Mume wangu ana 57, ni fundi cherehani. Kanzu za Idi za nusu ya mtaa wetu zimepita mikononi mwake. Tuna watoto watatu. Mkubwa, binti, anaolewa Mfungo Pili, imebaki kama miezi miwili.

Mwaka juzi mume wangu alianza kutoka damu chooni. Alidhani ni bawasiri, akanywa dawa za mizizi miezi minane kabla hatujafika hospitali kubwa. Walipompima wakakuta saratani mwisho kabisa wa utumbo mpana, karibu na njia ya haja kubwa. Akapigwa mionzi, akatundikiwa dripu, kisha akapasuliwa. Njia ya chini imeondolewa na kushonwa. Sasa anajisaidia kupitia tundu lililofunguliwa tumboni upande wa kushoto, na choo kinaingia kwenye mfuko uliobandikwa hapo. Daktari alituambia mfuko huo ni wa maisha. Imetimia miezi 14. Vipimo vya mwisho ni safi, alhamdulillahi. Watu wananipongeza njiani. Nasema ahsante, naingia ndani, nalia.

Kila siku ya tatu ninambadilishia mfuko. Analala chali, anatazama dari. Mimi nakata duara kwenye ile sehemu ya kunata kwa mkasi wake mdogo wa nyuzi, nasafisha, nakausha, nabandika. Hatusemi neno. Nesi alinifundisha mimi, dakika kumi hivi, siku tuliyoruhusiwa, na tangu hapo kazi ikawa yangu.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Miezi saba iliyopita, usiku, mfuko uliachia. Tulikuwa bado tunalala kitanda kimoja, na usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu apasuliwe, alikuwa amenigeukia na kuniwekea mkono kiunoni. Nikahisi maji ya moto. Nikawasha taa. Mama, naona haya kuandika: uso wangu ulikataa kunitii. Alinitazama, nami nikajua ameona. Nikakimbilia uani nikatapika karoni. Niliporudi alikuwa ameshatoa shuka. Akasema, “Pole, mke wangu.” Yeye ndiye aliyenipa pole.

Kesho yake akatandika godoro sebuleni, pembeni ya cherehani, akasema mimi nahitaji kulala. Sikubisha. Na hili sijamwambia mtu: usiku ule wa kwanza nililala usingizi mzuri ambao sikuwa nimeulala mwaka mzima.

Tangu hapo nimeongeza bidii. Sikosi siku ya mfuko, nafua, nampikia chake peke yake, sijatoka kwenda hata kwenye kikoba changu. Lakini yeye anazidi kujifungia. Msikitini haendi, hata Ijumaa, anasema hana twahara. Wateja anawapokea mlangoni. Mara mbili nimemkuta amekaa chooni muda mrefu, wakati hana cha kufanya huko. Nilipomuuliza alikasirika. Unyumba hatuna tangu upasuaji, na sijui kama ni kwamba hawezi au hataki. Wiki mbili zilizopita aliniambia binti ataozeshwa na baba yake mdogo, yeye atatoa uwakala. Nikalia. Ndipo akasema, bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya kitambaa: “Wewe bado kijana. Nikikuacha kwa wema, hakuna atakayekulaumu.”

Mama yangu mzazi ananiuliza mtaishi hivi mpaka lini. Wifi yangu anasema nisubiri, mke mwema huonekana kwenye dhiki. Mimi nakuuliza: nimlazimishe arudi chumbani? Nimwambie kwamba najua kwa nini aliondoka? Au ninyamaze, maana pengine nikigusa jeraha lile ndiyo nitaliharibu zaidi?

Mke wa Fundi

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nilikwama mahali pamoja, kwenye ule mkasi wa nyuzi. Nitarudi hapo. Kwanza nikwambie nilivyokuelewa, na nikikosea unisahihishe. Mumeo amepona ugonjwa lakini hajarudi nyumbani. Wewe unaamini ulimfukuza kwa uso wako wa usiku mmoja, na miezi saba sasa unalipa deni hilo kwa kumhudumia. Yeye naye anaamini amekuwa mzigo, na anajaribu kukulipa kwa kukuacha huru. Kila mmoja anamlipa mwenzake, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kama anamdai.

Nianze na kutapika. Nimekuwa nesi wa wodi ya upasuaji miaka 31. Nilifika kazini tukiwa bado tunawaona wagonjwa waliojifungia mifuko ya rambo tumboni kwa kukosa mifuko ya kubandika. Nimetapika, mwanangu, na si nikiwa mwanafunzi tu. Mwili ukishtuliwa usingizini kwa harufu na majimaji hutenda kabla moyo haujaulizwa. Lile lilikuwa koo lako. Moyo wako ulirudi ndani dakika mbili baadaye kutafuta shuka.

Na usingizi mzuri wa usiku ule usiufanye kesi. Ulikuwa umekesha mwaka. Kuna dodoso maarufu la Ulaya la kupima hali ya maisha ya wagonjwa wa saratani, lilichapishwa mwaka 1993, lina maswali 30. Linauliza kama umepata shida ya kulala, kama umekosa hamu ya chakula, kama ugonjwa umeingilia maisha ya familia yako. Ni kazi nzuri. Ila anayejaza ni mgonjwa. Mkewe amekaa kwenye benchi nje, amepakata kapu la uji, hakuna anayemuuliza amelala saa ngapi. Watafiti walipoanza kuwapima na wenza, mara nyingi wamekuta wasiwasi na huzuni ya mke au mume hailingani tu na ya mgonjwa, pengine huizidi. Kwa hiyo nakuuliza mimi: unalala? Unakula naye sinia moja au unakula umesimama jikoni? Kikoba ulikiacha kwa sababu yeye alikuomba, au ulijihukumu mwenyewe?

Sasa tuje kwenye dhana yako kwamba aliondoka kwa sababu ya uso wako. Inawezekana, umeona macho yake, mimi sikuyaona. Lakini tazama ulichoandika mwenyewe: usiku ule ndio alikuwa amekugeukia kwa mara ya kwanza. Mwanamume aliyekaa miezi saba akikusanya ujasiri wa kuweka mkono kiunoni mwa mkewe, halafu mwili wake ukamwaibisha saa ileile, hahitaji uso wa mtu yeyote ili ahamie sebuleni. Huenda hata kama ungecheka ukamkumbatia, angehama. Na huenda kuna la zaidi. Upasuaji wa sehemu ile unapita karibu sana na mishipa ya fahamu inayoendesha nguvu za kiume, na mionzi nayo huichosha. Wengine hupata nafuu taratibu, inaweza kuchukua hata miaka miwili. Wengine hawarudi kama zamani. Kama hakuna daktari aliyemweleza hilo waziwazi, basi anajiona amekwisha, peke yake, gizani. Hilo lina mahali pa kuzungumzwa, nalo ni kliniki yake ya marudio, na zipo dawa ambazo daktari anaweza kumpa baada ya kupima moyo na presha yake. Zile za kuuzwa mtaani kwenye chupa zisizo na jina asiziguse. Baadhi zimechanganywa na vitu ambavyo vikikutana na dawa za moyo vinaweza kumwangusha.

Ile kukaa chooni nayo nataka uielewe, kwa sababu nadhani inamtisha kuliko alivyokwambia. Watu wengi walioondolewa njia ya chini huendelea kuhisi wamebanwa kulekule ambako hakuna njia tena. Ubongo bado unatuma habari kwa anwani ya zamani. Anakwenda, anakaa, hakuna kitu, anatoka na aibu. Anaweza kudhani anachanganyikiwa, au kwamba ugonjwa umerudi. Mwambie kwamba umesikia kwa nesi mzee kuwa hali hiyo inajulikana, na kukaa kidogo kama anavyofanya huwapunguzia baadhi yao. Kama kuna maumivu yanayozidi, au usaha au damu pale paliposhonwa, hapo asingoje tarehe ya kliniki.

Tuje kwenye mkasi.

Mumeo anakata shingo ya kanzu bila kuchora. Ana mkono uliotulia kuliko wa watu wote wa mtaa huo, nami naamini hata kuliko wako na wangu. Kwa nini basi duara la upana wa vidole viwili akatiwe na mkewe, yeye akitazama dari? Jibu najua: kwa sababu nesi alikufundisha wewe. Ni kosa letu wauguzi, tunafanya hivyo kila siku. Mgonjwa amechoka, mke yuko macho, tunamwonyesha mke, gari linasubiri nje. Siku ile ilikuwa sawa. Lakini miezi 14 baadaye, je, una hakika anataka uendelee? Ulishawahi kumuuliza? Kila siku ya tatu analazwa chali kama mtoto wa kubadilishwa nepi, na wewe kila siku ya tatu unakuwa nesi. Sikulaumu, uliyafanya hayo kwa mapenzi na kwa toba. Nauliza tu kama nesi yule na mke yule wanaweza kuwa mtu mmoja usiku uleule.

Ila hapa pana mtego. Ukiamka kesho ukamkabidhi mkasi, atakumbuka uso wa usiku ule, na atasoma jambo moja tu: ameshindwa, ananionea kinyaa. Ndiyo maana swali lako la mwisho, la kusema au kunyamaza, siwezi kulijibu bila kukuonyesha kwamba mengine yote yamening’inia hapo.

Ukisema, unaweza kumpa nafasi naye aseme. Pengine utagundua amekuwa akibeba jambo tofauti kabisa. Lakini kuna hatari: ni mtu wa haya, anaweza kusikia “nilitapika” na asisikie chochote baada yake. Kama utasema, fikiria mahali. Kitandani hapafai, na siku ya kubadilisha mfuko haifai. Wako wanaume ambao huzungumza vizuri mikono ikiwa na kazi; mumeo akiwa anapindisha upindo, macho kwenye sindano, pengine ndipo masikio yake yanapofunguka. Na maneno yasiwe mengi. Kitu kama: “Usiku ule nilishtuka, nikatapika, na nikaona haya kukutazama. Ukahama nami nikanyamaza. Sikutaka uhame.” Kama si kweli kwamba hukutaka ahame, usiseme hivyo. Sema lililo kweli: “Nilichoka, nikalala, na sasa nakukosa.” Atajua tofauti.

Ukinyamaza, pia si dhambi. Zipo nyumba ambazo watu wamesameheana bila kikao. Lakini ukichagua kimya, sidhani kama bidii ya jikoni itafikisha ujumbe wako. Bidii yako ameshaiona, na kwa maoni yangu ndiyo inayomfanya aseme “nikuache”. Anahesabu unavyochakaa.

Kuhusu kumlazimisha arudi chumbani, ningeenda polepole. Vyumba viwili si talaka. Wako wenye ndoa nzuri wanaolala mbali kwa sababu ya mkoromo tu. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba ninyi hamkuchagua, mliteleza. Na sababu yenyewe, kuvuja, pengine inaondoleka. Nikuulize: unakata duara kwa kipimo gani? Kile ulichoonyeshwa siku ya kutoka hospitali? Maana ile nyama nyekundu ya tundu hunywea katika wiki sita au nane za kwanza. Duara likibaki la zamani linakuwa pana, choo kinapenya pembeni, kinakula ngozi, gundi inaachia. Mnapaswa kupima upya, na tundu la mfuko lizidi nyama kwa milimita mbili au tatu tu. Fundi mwenye futi ya kupimia shingoni, na hakuna aliyemwambia hili! Mfuko nao umwagwe ukifika theluthi au nusu, usingojewe ujae, na umwagwe kabla ya kulala hata kama si mwingi. Kliniki mnaweza pia kuuliza kama anafaa kufundishwa kusafisha utumbo kwa maji ya uvuguvugu kupitia tundu lile. Kwa wenye tundu la upande wa kushoto kama yeye, wapo wanaofanya hivyo asubuhi, ikachukua kama saa nzima, kisha wakakaa siku nzima bila choo kutoka. Si wote wanaoruhusiwa, hasa waliopigwa mionzi, na haifanywi bila kufundishwa.

Twahara. Mimi si sheikh, nami siko hapa kutoa fatwa. Lakini hata sisi tuliosoma chuoni kwa kuimba tunakumbuka kwamba vitabu vya madhehebu ya Shafi vina mlango wa mtu mwenye udhuru, asiyeweza kuzuia kinachomtoka: hutawadha kila fardhi baada ya wakati wake kuingia, kisha huswali. Dini ilimfikiria mtu kama mumeo karne nyingi kabla mfuko haujabuniwa. Hata hivyo hilo asilisikie kwako. Akilisikia kwako atadhani ni huruma. Kuna sheikh anayemheshimu, ambaye pengine hata kanzu zake anamshonea yeye? Mtu huyo akija kuchukua nguo na akakaa nusu saa, huenda akafanya ambalo mimi na wewe hatuliwezi. Ugumu ni kwamba lazima kwanza sheikh aambiwe, na siri ya mwili wa mumeo ni ya mumeo. Sijui kama unaweza kumwomba ruhusa bila kumchoma. Wewe unamjua.

Harusi imekuliza, nami nimeelewa. Uwakala ni halali, baba mdogo ataozesha na ndoa itasihi. Kinachouma ni sababu yake. Mnaweza kufikiria kufungisha ndoa nyumbani, watu wachache, choo chake kiko hatua tano, mfuko wa akiba uko kabatini. Ni rahisi kwake. Ubaya wake ni kwamba inaweza kumthibitishia kuwa nje si mahali pake tena. Mnaweza kwenda msikitini, apunguze maharage, kabichi na soda siku mbili kabla, amwage mfuko kabla ya kutoka, kijana mmoja wa kiume awe na kikoba chenye mfuko mwingine uliokwisha kukatwa. Hofu itakuwapo, na siwezi kuahidi kwamba tundu halitatoa sauti. Linatoa lenyewe, halina msuli wa kulizuia. Nitasema tu kwamba hakuna vazi linaloficha mfuko kama kanzu. Suruali na shati vingemsumbua. Kanzu pana, na kwa ndani kifuko cha kitambaa kilichoshonwa kiunoni cha kuubeba ule mfuko usining’inie, na ufundi huo ni wa nani mtaani kwenu? Au labda binti ndiye amwombe, si wewe. Binti aliyemwambia baba yake “nataka uniozeshe wewe” amesema kitu ambacho mke hawezi kukisema.

Mama yako anayeuliza “mpaka lini” anakuonea uchungu, na wifi yako anayekuhimiza subira anamwonea uchungu kaka yake. Wote wawili wanakupenda na hakuna aliyekaa nawe usiku. Kama siku moja utafika mahali pa kutaka kuondoka, hilo nalo litazungumzwa, hapa au penginepo, na sitakuita mke mbaya. Lakini katika barua nzima sijaona mstari unaosema unataka kuondoka. Nimeona mtu aliyeumia kwa kuambiwa anaweza. Pengine yeye naye alisema vile akingoja umkatalie, nawe ulilia tu, na kilio hakijulikani kimesema nini. Neno la kuachana lisiachwe likielea ndani ya nyumba. Unaweza kumjibu hata leo, hata kabla hujajua utasema nini kuhusu usiku ule.

Kikoba chako rudi. Nenda hata kama ni kwa saa moja, na umwambie unakwenda.

Na ikitokea akarudi chumbani, hata kwa usiku mmoja, tandika mpira chini ya shuka kama tulivyokuwa tukiwatandikia watoto, weka shuka ya pili miguuni na kanga kavu karibu na taa, mlale.